Siku Mtemi Masatu Alipoliliwa

Jana mjukuu wangu Anjela alikuwa anakwangua masizi chini ya sufuria. Akayachanganya na mafuta ya samaki yaliyobaki kwenye kikaango, akajichora ndevu. Kumbe wanaigiza shuleni. Harufu ile iliponifikia nilitafuta mahali pa kukaa. Masizi na mafuta ya sangara kwa wengine ni uchafu wa jikoni, lakini kwangu mimi hiyo ni harufu ya baba yangu alipokuwa mtemi. Shule sikufika mbali, mniwie radhi na uandishi wangu, ila majina ya watu siyasahau, hata ya aliyenisalimia mara moja tu njiani. Nyie wa rika langu, mliofua nguo kwa majani ya mpapai na kunywa chai bila sukari mkaona ni kawaida, sogeeni niwasimulie.

Tulikaa Mugango, jirani kabisa na ziwa. Baba yangu, Masatu, alikuwa mvuvi, mtu mfupi mwenye sauti kubwa. Mtumbwini alikuwa na mwenzake mmoja, Bwire, kijana mrefu asiye na mke, ambaye alikuwa anakula kwetu kuliko kwao. Nyumbani alikuwepo mama, walikuwepo kaka zangu Mafuru na Magesa, alikuwepo bibi Nyangeta aliyemzaa baba, na mimi kitinda mimba. Bibi aliniita "mke mwenzangu," maana babu kabla hajafa alikuwa akisema atanioa mimi akishachoka na kelele zake.

Miaka ile hakukuwa na kitu. Duka la kijiji lilikuwa na rafu na mwuzaji, basi. Ukisikia sukari imekuja unakimbia, ukifika unakuta foleni ya mawe, kila mtu kaweka jiwe lake na kurudi shambani, na wenye mawe wakirudi ndipo ugomvi unaanza. Nguo yako ilikuwa ile uliyoivaa. Lakini sikumbuki huzuni, jamani. Nakumbuka kucheka. Watu wasio na cha kununua wanabakiwa na muda mwingi wa kukaa pamoja, na muda huo ndio uliozaa mchezo wa mtemi.

Aliyeutunga ni Mwalimu Wambura, aliyekuwa akifundisha watu wazima kusoma, pale kwenye ghala la pamba lililokuwa tupu. Wanafunzi wake, baba akiwemo, walishamaliza kitabu cha kwanza na cha pili hakikuja, kwa hiyo mwalimu akaona asiwaache wakae bure. Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Mtu mmoja ni mdogo wake mtemi. Mganga anamwambia, wewe siku moja utakalia kigoda cha kaka yako. Angengoja, labda kingemjia chenyewe kwa heri. Hakungoja. Akamsukuma kaka yake kutoka mwambani akaangukia ziwani, akatwaa ngoma ya utemi, na kwa kuogopa maneno ya watu akamchukua yatima wa marehemu amlee. Halafu mganga anarudi mara ya pili na neno lingine, na hilo neno la pili ndilo lililonitesa mimi.

Kila mwanaume alitaka kuwa mtemi, lakini hakuna aliyetaka kama baba. Alikuwa amegombea ubalozi wa nyumba kumi akashindwa na jirani yetu Maira, mtu mwenye sauti ndogo hata kuku hawamsikii. Baba hakulalamika. Ila tangu siku ile alikuwa anaketi kwenye kigoda chake kana kwamba kuna watu mbele yake wanasubiri aseme. Mwalimu yeye alimtaka Bwire kwa sababu ya urefu.

"Mwalimu," baba akamwambia, "utemi si urefu. Ungekuwa urefu, twiga ndiye angetawala Serengeti."

Watu wakacheka, na kigoda akakipata. Bwire akapewa kuwa yule yatima. Mama alimshonea baba vazi la gunia la unga wa njano, ule wa msaada, akalitia tope jeusi lipate rangi. Taji lilikatwa kwenye tairi bovu, likachomekwa manyoya ya jogoo. Nilipomwona baba amelivaa, na zile ndevu za masizi, nilijificha nyuma ya mama. Nilimwona ni mzuri hata anatisha.

Sasa lazima mjue desturi ya kula kwetu. Mama na bibi walikula jikoni. Kaka zangu na Bwire walikuwa na sahani yao. Mimi, kitinda mimba, nilikula na baba, sahani moja, sisi wawili tu. Baba alikuwa anaanza na kichwa cha sato, anatoa ile nyama laini ya shavuni anaweka upande wangu bila kusema kitu. Mpaka leo sijapewa zawadi nikaifurahia kama lile shavu la samaki.

Jioni moja nilikuwa napeleka maji ya kunawa. Baba na Bwire walikuwa wameketi upenuni wanatengeneza wavu, na Bwire anamsaidia baba kukariri kwa kusema maneno ya mganga. Nikamsikia anasema polepole, "Ngoma unayo. Lakini jihadhari. Anayekula nawe sahani moja, huyo ndiye atakayekuangusha." Baba akaruka juu, wavu ukiwa umemnasa miguuni, akajibu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani kwetu: "Basi nitakula peke yangu! Ondokeni wote sahanini pangu!"

Maji yakanimwagikia miguuni.

Mtasema, si ulijua ni mchezo? Mchezo niliujua. Tulicheza kombolela, tulicheza kupika mchanga. Lakini katika michezo yetu hakuna aliyetetemeka sauti. Halafu bibi Nyangeta alitulea na neno lake moja, kwamba mdomo unaita. Hatukuruhusiwa kusema "nitakufa njaa mie," wala "leo utaniua," hata kwa utani. Ukisema, bibi anakuambia teme mate, lirudishe. Na hapa lile neno la mganga lilikuwa linasemwa kila jioni ya mazoezi, mara nyingi nyingi, na hakuna aliyetema mate. Anayekula nawe sahani moja. Nilihesabu watu wote wa nyumba ile kichwani, nikaona ni mmoja tu. Ni mimi.

Basi nikaacha kula na baba. Siku ya kwanza nikasema tumbo linauma. Mama akaninywesha maji ya mwarobaini. Siku ya pili nikasema sitaki samaki, nikaenda jikoni kugombea ukoko na bibi. Baba akawa ananawa, anaketi, anatoa shavu la samaki anaweka upande wangu, nami niko mlangoni nimeshika nguzo, namtazama na mate yananijaa mdomoni. Mwisho akala peke yake, kama yule mtemi wake.

"Mama, nimekukosea nini?" akaniuliza. Alikuwaga ananiita mama.

"Hujanikosea."

"Sasa?"

Ningesemaje? Kulitaja lile neno ni kuliita tena.

Siku ya mchezo ikafika. Mchana baba hakuweza kula kwa wasiwasi. Aliketi na vazi lake la gunia, ugali unapoa mbele yake, akaniita. Nikaenda nikasimama mbali. Akamega tonge, akalichovya, akaliinua.

"Ukikataa na leo," akasema, "huko ghalani siendi. Waigize na Maira."

Nilimtazama zile ndevu za masizi, nikaona mdomo wake unacheza kidogo kama wa mtu anayetaka kulia. Nikafungua kinywa. Lile tonge nililimeza na machozi, na baba akadhani ni pilipili.

Mchezo ulifanyika jua likiwa bado juu, maana mafuta ya taa hayakuwepo. Ghala lilijaa mpaka madirishani. Watu walitoka hadi Kiriba kwa miguu, na kutoka Musoma alikuja bwana utamaduni, suruali yake imepigwa pasi, akapewa benchi peke yake. Baba alipotoka nyuma ya shuka lililokuwa pazia, watu wakanyamaza. Yule mtu mfupi nilikuwa simjui tena. Aliposimama juu ya meza, ambayo ndiyo mwamba, akamsukuma kaka yake, mzee Mtani alinyanyuka kule nyuma na fimbo yake.

"Mimi nimeona!" akapiga kelele. "Mkiniita barazani nitasema! Kaka yake hakuteleza!"

"Keti, mzee, ni maigizo!"

"Maigizo kitu gani, na mimi nimeona kwa macho yangu?"

Mwisho ukaja. Bwire, yule yatima, akatoka na mkuki wa mti wa muhogo, akamchoma. Baba akaenda chini na taji lake, akajinyoosha, mkono mmoja ukabaki nje ya jukwaa unaning'inia. Mwalimu alipanga pawe kimya, kisha Bwire aseme maneno ya kufunga.

Lakini mbele kabisa alikuwa ameketi mama Tereza. Huyu ndiye aliyekuwa akianzisha kilio kijijini petu. Msiba wowote, walikuwa wanamsubiri yeye. Akautazama ule mkono unaoning'inia, akatazama uso wa baba usiofunikwa, na mikono yake mwenyewe ikapanda kichwani, nadhani bila kumwomba ruhusa.

"Uuuwi! Masatu weee! Umetuacha na nani?"

Hakumlilia mtemi. Alisema Masatu. Na kwetu mwanamke hamwachi mwenzake alie peke yake, ni aibu kubwa. Akadakia mama Nyamisi, akadakia Nyabuto, akadakia Ester mke wa fundi baiskeli, na mke wa Maira, na Robi aliyekuwa mgeni tu na hajui hata aliyekufa. Ghala zima likawa msiba. Bwire alifungua kinywa aseme maneno yake, akasikika kama mbu.

"Nani atatugawia dagaa, Masatu?"

"Mtu wa watu! Hakuwa na makuu!"

Mke wa Maira akapiga magoti. "Tulikunyima ubalozi, wee Masatu! Tulikunyima kwa wivu, ulikuwa unastahili!"

Mimi nilikuwa pembeni na mama. Mama alikuwa anacheka huku kaficha uso kwenye kanga, nikadhani analia. Baadaye sana baba alituambia kuwa pale chini alikuwa amelala na moyo umejaa asali. Alikuwa hajawahi kusikia akisifiwa hivyo maisha yake yote, na kila akitaka kuamka mtu anaongeza sifa nyingine, anaona asubiri kidogo. Mwalimu alikuwa nyuma ya shuka ananong'ona, "Masatu, amka! Amka, bwana!" Baba hakuamka. Wanasema lilipotajwa neno la ubalozi, kidole gumba cha mguu kilicheza, lakini mimi sikukiona. Mimi niliona baba yangu amekufa, na bado nilikuwa na ladha ya mchuzi wake mdomoni.

Nikajichomoa mkononi mwa mama, nikapita chini ya miguu ya watu, nikapanda jukwaani.

"Ni mimi!" nikalia. "Nimemuua mimi! Nimekula naye mchana!"

Baba akafungua jicho moja.

"Mama," akasema, "umeniua na nini?"

Hee! Mlilie maiti halafu maiti aulize swali! Mama Tereza alitokea mlangoni. Wengine walitokea madirishani. Mzee Mtani alibaki ametegesha fimbo. Bwana utamaduni alikuwa amesimama juu ya benchi lake, na mpaka leo haijulikani kama alipanda kwa kushangilia au kwa kukimbia. Nilimkumbatia baba shingoni mpaka masizi yote yakahamia usoni kwangu.

Kicheko kilikuwa kikubwa sana. Kilikatwa na bibi Nyangeta, aliyekuja taratibu mpaka mbele ya jukwaa.

"Masatu," akasema, "nyumbani usije."

"Mama, ni mchezo."

"Wameita jina lako. Wamelilia jina lako, kijiji kizima, na watu wa Kiriba juu. Mtu aliyeliliwa hapiti mlango wake hivi hivi."

Mwalimu Wambura akaja anafuta jasho. "Bibi, walikuwa wanamlilia mtemi."

"Mtemi anaitwa Masatu?"

Mwalimu akafikiri, akacheka mwenyewe. "Hapo umenikamata. Sasa tufanyeje, bibi?"

"Tafuta kuku."

Kwa hiyo mtemi hakuingia kwake. Alizungushwa nyuma ya nyumba kama mwizi, na taji lake la tairi, na nusu ya ghala inamfuata. Bibi akamnyunyizia maji yenye majani aliyoyajua yeye. Kuku akachinjwa, akapikwa hapo hapo uani. Bibi akatoa sharti lake la mwisho, kwamba kabla jua halijagusa maji, baba ale sahani moja na mtoto mdogo kuliko wote wa nyumba, watu wakiona, maana maiti hali na mtoto. Akishakula ataingia ndani kinyumenyume. Asipokula, huyo ataendelea kuhesabiwa pamoja na wafu.

Sahani ikawekwa. Baba akaketi upande mmoja. Watu wote wakanitazama.

Jamani, fikirini. Nikila, neno la mganga linampata. Nisipokula, neno la bibi linambakisha kwa wafu. Nilikuwa mdogo hata jino la mbele sikuwa nalo, na uhai wa baba yangu ulikuwa umenikalia kwenye vidole viwili hivi vya kumegea tonge.

"Mke mwenzangu, kula," bibi akasema. "Jua haliningojei mimi."

Nikatikisa kichwa. Bibi akakunja uso, mama akanisogelea, na hapo yote yakanitoka kwa kilio: mganga, sahani, mdomo unaita, na siku zote zile nilizoshika nguzo nikimeza mate. Bwire ndiye wa kwanza kucheka.

"Mtoto wewe," akasema, "mimi nakulaga naye mtumbwini tangu sijaota ndevu. Na leo nimemchoma na mkuki kabisa, kijiji kinaona. Si yule pale anakodolea paja la kuku?"

Wote wakacheka, ila baba. Yeye alivua taji akaliweka chini. Akajifuta ndevu kwa gunia lake, uso wake ukarudi, ule wa kila siku.

"Mama," akasema, na sauti ilikuwa yake. "Yale maneno alisema mtemi, na mtemi alikuwa mtu mwoga. Mimi ni Masatu. Mimi kula peke yangu siwezi, ugali hauteremki. Kula na mimi."

Akatema mate pembeni, kwa heshima ya bibi, ili lile neno lirudi. Bibi akaitikia kwa kichwa.

Nikamega. Nikameza, nikamtazama. Yeye akameza, nikatazama koo lake linavyopanda na kushuka. Watu wote walikuwa wanalitazama koo lile. Tukala tena. Jua lilipokuwa linagusa maji, baba akacheua, kwa ile sauti yake kubwa, na bibi Nyangeta akapiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika Musoma. Mama Tereza, aliyekuwa amerudi kimya kimya, akaanzisha wimbo wa arusi kwa sababu ndio uliomjia. Baba akaingia kwake kinyumenyume, akajigonga kisogo kwenye kizingiti, na watu wakacheza uani mpaka vumbi likawa kama moshi.

Asubuhi niliamka kabla ya wote nikatega sikio. Nikamsikia nje anabishana. Mwalimu Wambura alikuwa amekuja na habari: bwana utamaduni ameupenda mchezo kuliko yote aliyoiona, anautaka Musoma, kwenye uwanja, mbele ya wakubwa. Baba alikuwa anafunga gunia lake kiunoni, tayari kuondoka hata sasa hivi.

"Hafi mtu tena hapa," bibi alisema kutoka jikoni. "Huyu ameshaliliwa mara moja. Ya pili itakuwa ya kweli."

"Bibi, mtemi asipokufa hakuna mchezo," mwalimu akasema.

"Basi afe mwingine. Huyu Bwire hajaliliwa."

Nilikuwa nimekaa kizingitini, nikaona mabega ya baba yanashuka, kama siku ile ya ubalozi. Akalitazama taji mkononi mwake, akamtazama Bwire aliyekuwa anajifanya hasikii. Halafu akanitazama mimi, na nikaona kitu kinamwamkia usoni taratibu. Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mwalimu," akasema, "yule mganga wako ni mkali. Aliyekula na mimi si huyu hapa? Na utemi si huo umeniponyoka?"

Akamvika Bwire taji. Lilikuwa dogo, likakaa juu ya kichwa chake kirefu kama kifaranga juu ya kichuguu.

Musoma tulikwenda kwenye lori la pamba, kijiji chote kinaimba, isipokuwa mama Tereza ambaye bibi alimkataza kupanda. Bwire alikufa vizuri, na wenyeji wa mji walipiga makofi tu, kimya, kama watu wa kanisani. Baba alipewa kupiga ngoma. Lakini mchezo ulipokwisha alinishika mkono akanipitisha katikati ya watu asiowajua, mafundi, wachuuzi, makarani, anamsimamisha huyu na yule.

"Mtemi wa kwanza nilikuwa mimi," anawaambia. Kisha ananiwekea mkono kichwani, na sauti yake ni ile ya mvuvi anayesimulia samaki aliyezidi mtumbwi. "Huyu ndiye aliyeniangusha."